Vioo Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya kupanga kazi, lakini leo nina furaha na sina wa kumwambia, kwa hiyo naliambia lenyewe. Tumepata jengo!

Ni jengo la ofisi la ghorofa tano. Kila ghorofa ina vioo thelathini na vitatu, vikubwa vya kumzidi mtu kimo. Meneja wa jengo anataka tuoshe wiki moja, ndani na nje, ghorofa moja kwa siku kuanzia ya tano kushuka chini. Wiki inayofuata tunarudi kwenye nyumba zetu ndogondogo, halafu tunaanza tena. Mvua zikiisha naye akiwa ameridhika, anatupa mkataba wa mwaka mzima. Tangu marehemu mume wangu aniachie ndoo sita na ngazi mbili sijawahi kushika kazi iliyozidi siku kumi.

Tuko watano. Mimi natafuta wateja na kubeba lawama. Mama Pumzi na Shemeji, yaani mdogo wake marehemu, wanaosha upande wa ndani. Ngazi ananing'inia nje kwa kamba. Jina lake ni kwa sababu ya urefu, kwenye nyumba za chini hufuta kioo cha juu bila kupanda kitu. Kasuku anakaa juu ya paa, anashika kamba za Ngazi na kuongea. Kamba anazishika vizuri sana. Kunyamaza ndiko kumemshinda.

Sasa kuna jambo linaniumiza kichwa. Siku zote nimewalipa posho ya siku, wote sawa. Shemeji anasema kwa jengo kubwa hivi nitakula hasara nikiendelea vile. Lazima niamue kabla ya Jumatatu.

Jumatano, 5 Machi

Kikao sebuleni kwangu, viti havikutosha, Ngazi akakaa chini na bado alikuwa sawa na sisi.

Shemeji ndiye aliyefungua. "Shemeji, lipa kwa kioo. Mtu akiosha kimoja alipwe kimoja, akiosha ishirini alipwe ishirini. Mvivu atajijua mwenyewe."

Kisha akacheka. Anacheka kama kaka yake hasa, cheko linaanzia tumboni na kumaliza na kikohozi kidogo. Mpaka leo nikimsikia akicheka chumba cha pili nashtuka, nataka kuinuka nikapakue chakula cha watu wawili.

"Mimi nipeni nyongeza ya hatari ya kamba tu," Ngazi akasema. "Kule juu mtu hafikirii kioo, anafikiria chini."

"Na mimi nitalipwa kwa nini?" Kasuku akauliza. "Kwa neno?"

"Kwa neno tutafilisika wiki ya kwanza," Shemeji akamjibu, na hata Mama Pumzi akatabasamu.

Nilimgeukia yeye. Mama Pumzi hasemi mpaka aulizwe. Alikuwa ameweka mikono mapajani, ile mikono yake iliyochujuka kwa sabuni, dole gumba la kulia likiwa na kovu lililolikata katikati. Kovu hilo alilipata mwaka wetu wa kwanza, akikwangua rangi kwenye vioo vya shule kwa wembe usio na mpini.

"Mwanangu, ukilipa kwa kioo utapata vioo vingi," akasema. "Vioo safi sijui."

"Tutakagua, mama."

"Na nani atahesabu?"

"Nipo mimi," Shemeji akasema. "Kila jioni najaza karatasi, namletea shemeji."

Mama Pumzi alinitazama mimi, siyo yeye. Nikamwambia, "Ni shemeji yangu, mama. Siyo mtu wa barabarani." Akaitikia kwa kichwa.

Naandika na hili ili lisinipotee. Mama Pumzi ndiye mfanyakazi wangu wa kwanza. Kazi hii nimefundishwa na yeye, siyo na mume wangu. Jina lake alipewa na Kasuku, kwa sababu akimaliza kioo huinama kwenye pembe ya chini na kukipulizia, haa, kama mtu anayepasha mikono moto. Mafuta au sabuni iliyobaki, hata kama haionekani kwa macho, ukungu wa pumzi utaionyesha. Mume wangu alipofariki nilikaa miezi miwili bila kutoka ndani. Mama Pumzi aliendesha kazi yote, na kila Jumamosi aliniletea malipo ya wateja kwenye bahasha na kuniwekea mezani. Hakuwahi kufungua hata moja.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamua. Kwa kioo, kwa majaribio, mpaka mvua ziishe. Ngazi anapata nyongeza ya kamba, na Kasuku nusu ya vioo vya Ngazi. Shemeji atajaza karatasi. Mama Pumzi nilipomwambia alisema tu, "Haya, mwanangu."

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza kwenye jengo. Vumbi la miezi minne kwenye vioo, maji ya kwanza yalitoka kama chai ya maziwa. Karatasi ya jioni: Shemeji kumi na saba, Mama Pumzi kumi na sita. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 14 Machi

Tumemaliza duru ya kwanza. Meneja alipita na leso yake akigusagusa fremu, leso ikabaki nyeupe. Shemeji alimwambia, "Mzee, ukijigonga kichwa kwa kudhani dirisha liko wazi usitulaumu." Meneja akacheka! Sijui ningefanya nini bila Shemeji. Ana mdomo wa kuuza.

Jumatano, 19 Machi

Vumbi. Joto. Nyumba tatu.

Jumatatu, 24 Machi

Duru ya pili. Shemeji kumi na tisa, Mama Pumzi kumi na nne. Jioni Mama Pumzi alitaka kuongea nami. Nilikuwa na haraka.

Jumanne, 25 Machi

Shemeji ishirini, Mama Pumzi kumi na tatu.

Alhamisi, 27 Machi

Mama Pumzi alisimama mlangoni wakati naongea na mteja kwenye simu. Nilimfanyia ishara ya kesho. Kesho yenyewe nimejaa.

Ijumaa, 28 Machi

Shemeji ameleta karatasi ya wiki nzima, imeandikwa vizuri, mistari imepigwa kwa rula. Kwenye karatasi Mama Pumzi anashuka kila siku. Nikamuuliza Shemeji ana nini.

"Umri, shemeji," akasema kwa upole. "Usimseme, atajisikia vibaya. Anakaa juu ya ndoo, anapumzika, mimi najifanya sioni. Namalizia vyake."

Nikamwonea huruma Mama Pumzi, na Shemeji nikamwona muungwana. Ila moyoni kulikuwa na kitu kingine, nakiandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nilikasirika. Yeye ndiye aliyekuwa ananiambia kioo hakidanganyi, kinaonyesha ulivyokifanyia kazi. Sasa anakaa juu ya ndoo na kutegemea jina.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua ya kwanza. Kubwa, ya nusu saa, halafu jua kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jumatatu, 7 Aprili

Duru ya tatu, ghorofa ya tano. Shemeji ishirini na tatu, Mama Pumzi kumi. Meneja amenipigia kuuliza kama tutamaliza kwa wakati, maana mawingu yanajikusanya. Nimemhakikishia kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi.

Jumanne, 8 Aprili

Shemeji ishirini na tatu, Mama Pumzi kumi tena. Alinifuata hadi kituoni, mvua ikitunyeshea wote wawili. "Mwanangu, kesho panda juu kidogo, nikuonyeshe kitu kwenye kioo." Nikamwambia nitajitahidi. Nikaingia kwenye gari.

Jumatano, 9 Aprili

Nimerudi sasa hivi, bado sijavua viatu.

Nilifika jengoni saa kumi na moja. Shemeji alinikuta kwenye stoo ya ndoo kule chini na kunipa karatasi. Ghorofa ya tatu. Yeye ishirini na vinne. Mama Pumzi tisa.

"Shemeji, mimi sisemi kitu," akasema. "Ila nambeba yule mama mgongoni, na mgongo wenyewe ni huu huu mmoja."

Mama Pumzi akaingia na ndoo yake, nami sikumsubiri hata aitue.

"Mama, tisa? Kuanzia asubuhi mpaka saa hizi, vioo tisa?"

"Tisa?" akasema. Akamtazama Shemeji. Shemeji alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. "Nani kasema tisa?"

"Karatasi inasema."

"Basi panda juu, mwanangu. Ghorofa ya tatu tu, dakika mbili. Nikuonyeshe."

"Sina haja ya kuonyeshwa kioo, mama. Nimeonyeshwa karatasi."

Sasa naiandika sentensi hiyo na inasikika mbaya, lakini pale nilijiona nimesema vizuri. Nikaendelea. Nikamwambia meneja ananikalia kooni, nikamwambia mkataba wa mwaka mzima hauwezi kupotea kwa sababu ya huruma, nikamwambia apumzike, mvua zikiisha tutaona. Kasuku na Ngazi walikuwa wameshuka, wamesimama mlangoni na kamba zao.

Mama Pumzi alikunja kitambaa chake mara mbili, akakiweka juu ya ndoo. Akachukua mpira wake wa kukausha maji, ule wenye mpini aliouzungushia kitambaa chekundu, kwa sababu huo ni wake, alinunua mwenyewe. Akaniambia, "Haya, bosi."

Miaka yote hii ameniita mwanangu. Bosi ndiyo mara ya kwanza leo.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Shemeji ameosha ghorofa ya pili peke yake, mimi nikamsaidia kubeba maji.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumemaliza. Shemeji anasema tutafute kijana mwenye nguvu. Nimesema baadaye.

Jumatatu, 14 Aprili

Baridi. Nimetoa sweta la marehemu kabatini. Nyumba mbili zimeahirisha kwa sababu ya mvua.

Jumatano, 16 Aprili

Baridi zaidi. Nimempigia Mama Pumzi mara mbili, hapokei. Nikajiambia atakuwa amekasirika, atatulia. Shemeji alipita jioni, akala, akacheka, nikafurahi kuwa na mtu nyumbani.

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika taratibu, nisiruke kitu.

Saa mbili asubuhi meneja alipiga simu akifoka. "Mama, vioo vyako vina vidole! Njoo uone aibu hii." Nikamchukua Shemeji, tukaenda mbiombio, mvua inamwagika.

Ofisi ya meneja iko ghorofa ya tatu. Kwa baridi ya leo watu walikuwa wamefunga kila kitu, wafanyakazi wamejazana humo ndani na birika zao za chai, na vioo vyote vilikuwa vimeshika ukungu kwa ndani, vyeupe kama maziwa. Na kwenye pembe ya chini upande wa kulia, kioo baada ya kioo, palikuwa na alama. Duara dogo la dole gumba, ukungu umelikwepa. Ukisogea karibu unaona mistari ya ngozi, na katikati ya mistari, mstari mnene ulionyooka umekata kuanzia juu hadi chini.

"Mnanilipisha kunipaka vidole?" meneja akasema.

Shemeji akawa mwepesi kama kawaida yake. "Mzee, samahani sana. Huyu ni yule mama tuliyemwondoa." Akanigeukia. "Si nilikwambia, shemeji? Kachoka yule. Tazama, dole gumba lake hilo, kovu hilo hapo. Anagusa kioo baada ya kukifuta! Anaharibu kazi ya watu."

"Ni lake?" nikauliza.

"Nani mwingine ana kovu lile? Ni yake yote hayo."

Niliinama nikalitazama moja kwa karibu. Halikuwa la kuteleza wala la bahati mbaya. Lilikuwa limewekwa. Mtu alichovya dole gumba kwenye sabuni, akalibonyeza pembeni kabisa, mahali pale pale anapopulizia, akanyanyua. Nikasogea kioo cha pili. Lipo. Cha tatu lipo. Cha nne hakuna, pembe yake nyeupe tupu. Cha tano lipo.

Nikaanza kutembea. Nilihesabu kwa sauti, na sikujua kwamba nahesabu kwa sauti mpaka makarani walipoanza kusogeza viti kunipisha. Meneja alikuwa nyuma yangu, "Mama, sitaki hesabu, nataka vioo safi." Sita. Saba. Upande wa mashariki nikafika kumi na moja. Nikazunguka kona.

Ishirini na moja.

Vioo thelathini na vitatu, na dole gumba la Mama Pumzi kwenye ishirini na kimoja. Karatasi ya siku ile ninayo, ipo kwenye mkoba tangu Jumatano iliyopita. Tisa.

"Shemeji," nikasema, "umesema ni yake yote?"

"Shemeji, hapa siyo mahali—"

"Umesema nani mwingine ana kovu lile."

Nilipanda ghorofa ya nne, vioo ishirini na viwili. Nilipanda ya tano, ishirini. Sikuhitaji kupanda, jibu nilishalipata chini, lakini miguu ilikataa kusimama. Kule ghorofa ya tano nilikaa kwenye ngazi na kuvua viatu vilivyolowa. Mwanamke aliyeniletea bahasha zile bila kuzifungua aliniomba dakika mbili tu, nikamnyima.

Shemeji alinifuata. Alijaribu kwanza utani, ukakataa. Halafu akajaribu kukasirika.

"Unataka nikuambie ukweli? Hii kazi ni ya kaka yangu. Ndoo za kaka, ngazi za kaka. Yeye hayupo, mimi ndiye damu yake, halafu nalipwa sawa na mama wa kupulizia vioo? Nilichukua cha kaka."

"Ulichukua cha Mama Pumzi."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyesema kwa kioo."

Na hilo ni kweli, mbwa huyu, hilo ni kweli kabisa. Wiki zote hizi amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikamshukuru kwa kung'aa. Alinipimia cheko la kaka yake kila jioni, nikalipokea kama mshahara. Sitaki kulisikia tena cheko lile. Na kwa sababu hiyo nimempoteza mume wangu mara ya pili, kwa maana lilikuwa ndilo lililobaki. Hilo ndilo sitamsamehe.

Nilimwambia aache funguo za stoo. Akaziacha juu ya ngazi, akashuka akipiga mluzi ili nimwone hajali.

Meneja ametupa duru moja zaidi. Jumatatu tuanze upya, na akiona kidole, basi.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimewaita Ngazi na Kasuku.

"Mlijua?"

Ngazi alitazama mikono yake. "Dada, mimi naning'inia nje, wao wako ndani. Nilikuwa nawaona kama watu kwenye tivii. Huyu anaosha, yule yuko juu ya ndoo anachezea simu."

"Nani juu ya ndoo?"

"Shemeji yako. Yule mama sikuwahi kumwona amekaa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani mmepanga. Mtu na shemeji yake, mimi niingilie wapi? Nikajua unataka yule mama aondoke bila wewe kumtoa."

Nikamtazama Kasuku, aliyewahi kunisimulia ndoto za jirani yake kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Bosi," akasema, "maisha yangu yote nimenyamaza mara moja. Ndiyo hiyo."

Walipoondoka nimekaa na daftari hili na kulisoma tangu mwanzo. Tarehe 24, "nilikuwa na haraka." Tarehe 27, ishara ya kesho. Tarehe 8, "nitajitahidi." Tarehe 9. Nimeyaandika yote kwa mkono wangu, kwa wino ule ule, na sikuona kitu. Nilifikiri leo nitaandika kurasa tatu za kumlaani Shemeji. Sikufika hata nusu ukurasa, mkono umekataa.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekwenda kwa Mama Pumzi. Chumba kimoja, kitanda, jiko, kamba ya nguo imekatiza katikati. Dirisha lake dogo ndilo safi kuliko yote mtaani, ukilitazama unadhani hakuna kioo. Alinikaribisha kiti, yeye akakaa kitandani.

Nilikuwa nimebeba bahasha. Vioo vyake vyote, kadiri nilivyoweza kukisia, tangu duru ya pili. Nikaiweka mezani. Hakuihesabu.

"Kuhesabu nimechoka," akasema. Hakusema kwa hasira.

Nikamwambia yote. Ukungu, vidole, ishirini na moja, Shemeji. Alisikiliza akikunja nguo moja baada ya nyingine.

"Nilianza kuweka dole duru ya pili," akasema. "Nilipoona karatasi ya Shemeji hailingani na kazi yangu. Nikasema, nitamwita mwenyewe, nipulizie mbele yake, ataona. Pumzi moja tu. Nilijua ukiona utaelewa, kwa sababu wewe nilikufundisha."

"Nisamehe, mama."

"Nimesamehe."

"Rudi basi. Kwa kioo nimefuta. Narudisha posho ya siku, wote sawa, na wewe ndiye msimamizi. Hakuna karatasi tena."

Aliendelea kukunja. Kanga, shuka, gauni.

"Nimepata kazi ya kufua hotelini," akasema. "Tangu Jumatatu. Wananilipa kwa siku."

"Hata nikikuongezea?"

"Siyo pesa, bosi." Akaweka nguo chini. "Yule shemeji yako sikumtegemea. Alikuja kazini juzi tu, hanijui, simjui. Wewe je? Wewe ulikuwa unanijua."

Nililia, siyo kwa uzuri, kwa kamasi na kila kitu, na yeye akanipa kitambaa kisafi, akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Halafu akanisindikiza hadi barabarani kwa sababu njia ilikuwa na matope, akinishika kiwiko nisiteleze. Hakuniita mwanangu.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua kutwa. Nimetafuta mtu wa kuosha ndani, nimekosa.

Jumatatu, 21 Aprili

Duru ya nne. Hakuna wa ndani, kwa hiyo nimeingia mwenyewe. Nimemweka Kasuku aoshe nami, na kamba za Ngazi zikashikwa na mlinzi wa jengo, kwa posho ile ile ya siku. Nilivaa suruali ya marehemu na kufunga kiuno.

Nilianza saa moja na nusu. Nilitaka kufanya kama alivyonifundisha: maji mengi, sabuni kidogo, mpira kutoka juu kushuka bila kusimama, kona kwa kitambaa kikavu, halafu pumzi. Kioo cha kwanza nilikipulizia na kilikuwa na michirizi, nikarudia. Cha pili nikarudia mara mbili. Saa nne mabega yalikuwa yanawaka. Ngazi alikuwa nje upande wa pili wa kioo, uso kwa uso nami, anasubiri nimalize ili asogee. Hakutabasamu wala hakukunja uso. Nilielewa sasa alichokuwa anakiona kutoka pale kila siku. Mchana nilikula nikiwa nimesimama, kwa sababu niliogopa kwamba nikikaa sitainuka, na kwa sababu ndoo ilikuwa pale karibu na sikutaka mtu anione juu yake.

Meneja alipita saa kumi. Aliinama kwenye pembe moja, akapulizia, sijui nani amemfundisha. Akaenda zake. Nadhani mkataba tutaupata.

Nilipiga kioo changu cha mwisho taa za barabarani zikiwaka, Kasuku akiwa ameshamaliza vingine vyote. Nikapulizia, haa, kikawa safi. Vidole vilikuwa vimekunjamana kwa maji na sikuweza kuvikunjua.

Kwenye stoo Kasuku alikuwa anapanga ndoo.

"Bosi, siku ya kwanza hiyo!" akasema. "Haya tuambie, umeosha vingapi?"

"Tisa," nikamwambia.

Kasuku akanitazama, kisha akaendelea kupanga ndoo.